Tiketi ya kutembea juu ya kuta za Yerusalemu, na ukuta usiodai tiketi

Wakala aliyetupangia hija aliandika katika ratiba ya siku ya nne kwamba tungetembea juu ya kuta alizozijenga Nehemia, yule wa Biblia aliyeujenga upya ukuta wa mji baada ya uhamisho wa Babeli. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niilipie siku hiyo ya nyongeza bila kusita, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika tathmini hii, kwa sababu hayakuwa kweli. Matembezi yenyewe nayasifu na nitaeleza kwa nini. Ninayemlalamikia ni yule aliyeyanadi kwa jina lisilo lake, na simtaji, kwa kuwa vipeperushi vya safari za Nchi Takatifu vimejaa maneno ya namna hiyo.

Kuta zinazouzunguka Mji wa Kale leo zilijengwa kwa amri ya Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniyya, na kazi ilikamilika mwaka 1541. Zina mzunguko wa kilomita 4 hivi, kimo cha wastani cha mita 12 na unene wa kama mita 2.5. Kati ya Nehemia na Suleiman imepita takriban miaka 2,000. Zaidi ya hayo, kilima cha kusini kiitwacho Mji wa Daudi, ambako Yerusalemu ya kwanza ilikuwako, kimeachwa nje kabisa ya kuta hizo, kwa hiyo msafiri anayetembea juu yake akijiona yuko ndani ya mji wa wafalme wa Yuda, kwa sehemu kubwa, anautazama mji huo kwa nje.

Njia za juu ziko mbili na haziungani, kwa kuwa upande wa viwanja vya Msikiti wa Al-Aqsa haupitiki. Ya kaskazini huanzia Lango la Yafa, hupita juu ya Lango la Dameski na kuishia Lango la Simba. Ya kusini huanzia karibu na Mnara wa Daudi, hupita Lango la Sayuni na kushukia karibu na Lango la Jaa. Ngazi za mawe ni nyembamba, hazilingani kimo, na baadhi zimelainika kwa kukanyagwa. Vyuma vya kushikilia vipo, kivuli hakipo. Mtu mwenye matatizo ya magoti asijaribu, na hata mwenye magoti mazima avae viatu vyenye soli inayoshika na abebe maji ya kumtosha.

Thamani ya tiketi niliiona juu ya Lango la Dameski. Kutoka pale unaona mapaa yenye matangi ya maji na madishi ya televisheni, na chini wachuuzi wameketi na mboga zao. Nilichoshangaa ni sauti. Muuzaji mmoja alikuwa akibishana na mteja, nami nilisikia kila neno ingawa Kiarabu changu ni cha salamu tu. Laiti ningekuwa naijua lugha, ningejua bei waliyokubaliana. Papo hapo nikakumbuka Wafalme wa Pili 18, pale Rabshake, mjumbe wa mfalme wa Ashuru, aliposimama nje ya mji na maofisa wa Hezekia, mfalme wa Yuda, wakamsihi azungumze Kiaramu, asizungumze Kiyahudi masikioni mwa watu waliokuwa juu ya ukuta. Naye akapaza sauti zaidi, kwa Kiyahudi, ili wasikie vizuri. Nimesoma sura hiyo tangu Shule ya Jumapili nikidhani ni ubishi wa wanasiasa tu. Kumbe ukuta ulikuwa pia mahali pa raia kusikilizia habari za vita, na adui mjanja aliweza kuuvuka kwa maneno kabla hajaleta magogo ya kubomolea. Jambo hilo sikuwahi kulielewa nikiwa nimeketi kanisani, na kwa hilo peke yake siidai tena pesa yangu.

Ukuta wa Hezekia mwenyewe, hata hivyo, hauko juu. Uko chini, ndani ya shimo lililo wazi katikati ya nyumba za mtaa wa Wayahudi, na kuutazama hakuna anayekudai senti. Ratiba yetu haikuutaja kabisa. Tuliufikia kwa sababu mzee mmoja wa kundi letu, mwinjilisti mstaafu, alikataa kwenda dukani kununua misalaba ya mzeituni mpaka kwanza tumtafutie "ukuta mpana" wa Nehemia 3:8. Mwongozaji aliguna, kisha akatupeleka.

Ukuta huo ulichimbuliwa na mwanaakiolojia Nahman Avigad katika miaka ya 1970. Sehemu iliyofunuliwa ina urefu wa mita 65 hivi, na unene wake ni mita 7. Nilitembea kando ya uzio nikipima unene huo kwa hatua zangu, nikapata hatua kumi, na nyumba yangu ya nyumbani haina upana huo. Mawe yake hayakuchongwa vizuri kama ya Suleiman. Yanaonekana yamepangwa na watu waliokuwa na haraka, na kweli walikuwa nayo. Wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 8 KK, siku ambazo Ashuru ilikuwa imeuangusha ufalme wa kaskazini na wakimbizi wamejaa Yerusalemu, wakijenga kwenye kilima cha magharibi pasipo na kinga yoyote. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alikuja Yuda. Mji wa Lakishi aliuteka kwa kujenga tuta la udongo na mawe hadi kwenye ukuta wake na kupandisha juu yake mitambo ya kubomolea, na mabaki ya tuta hilo yapo hadi leo. Dhidi ya mitambo kama hiyo, mita 7 za mawe hazikuwa majivuno ya mfalme.

Ukiinama kidogo penye uzio utaona jambo jingine, nami naomba msomaji asiondoke pale kabla hajaliona: ukuta umepita juu ya misingi ya nyumba. Kulikuwa na vyumba, vikakatwa, na mawe ya ngome yakalazwa juu ya sakafu za watu. Isaya 22:10 inasema wakuu walizihesabu nyumba za Yerusalemu wakazibomoa ili kuutia ukuta nguvu. Mwinjilisti wetu alisoma mstari huo kwa sauti mara mbili, kisha akavua miwani na kukaa kimya. Huwa tunahubiri kuhusu kuta kama baraka tupu, lakini hapa panaonekana kwamba ukuta uliookoa mji ulimvunjia mtu jiko lake, na nabii hakulinyamazia.

Kwa bahati nzuri nilikuwa nimebeba Biblia ya mfukoni, tukasoma Nehemia 3 yote tukiwa tumesimama, sura ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu ya majina. Ni kama orodha ya michango ya ujenzi inayobandikwa kwenye mlango wa kanisa. Wafua dhahabu na watengeneza marhamu wamo, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu amejenga pamoja na binti zake. Wengi wamepewa kipande kinachoelekea nyumba zao wenyewe, mpango wa busara, kwani nani atalegeza mawe ya ukuta unaolinda kitanda chake? Na wakuu wa Tekoa, waliokataa kutia shingo zao kazini, nao wameandikwa, wakabaki kwenye orodha hadi leo. Kazi yote ilimalizika kwa siku 52.

Ukuta ulibadilisha hata sheria ya mali, na hili nalo sijawahi kumsikia mwongozaji yeyote akilieleza. Kwa mujibu wa Walawi 25, aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye kuta alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuikomboa, na baada ya hapo ikawa ya mnunuzi daima. Nyumba ya kijiji kisicho na ukuta ilihesabiwa kama shamba na ilirudi kwa mwenyewe mwaka wa yubile, yaani kila mwaka wa hamsini. Mstari wa mawe ulitenga namna mbili za kumiliki. Wakala angeandika hilo kwenye ratiba yake, ningemlipa mara mbili.

Nikirudi kwenye huduma ya juu ya ukuta, nina ushauri wa mpangilio tu. Anza na Ukuta Mpana asubuhi, kisha panda njia ya kusini, ushukie Lango la Jaa na uendelee hadi Mji wa Daudi. Ya kaskazini iache kwa siku nyingine. Ukumbuke pia kwamba Lango la Jaa limerithi jina tu kutoka kwa lile la Nehemia, ambalo lilikuwa upande wa kusini zaidi. Sisi tulifanya kinyume, tukafika shimoni tumechoka na nusu ya kundi imeshatawanyika madukani.

Kuna mmoja wetu ambaye hakupanda kabisa. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, magoti yakimsumbua, alibaki Lango la Yafa kwenye kiti cha mawe, nasi tukamwonea huruma. Lango hilo lina kona ya ghafla ndani yake, iliyowekwa ili mvamizi asipite mbio, na kando yake kuna pengo lililofunguliwa mwaka 1898 ili Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani aingie mjini, ambamo magari hupita mpaka leo. Tuliporudi baada ya saa mbili nilimwamkia, naye akaitikia huku akicheka.

"Marahaba, mwanangu. Mmeona mawe?"

Nikamjibu kwamba tumeyaona, mengi.

"Mimi nimeona watu," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole: mtawa aliyegombana na dereva wa teksi, wazee wawili waliosuluhisha ugomvi huo, mvulana wa mikate aliyepunjwa chenji akarudishiwa baada ya kupiga kelele, na mwanamume aliyekaa karibu naye muda wote bila kuuza wala kununua, ila kila apitaye alimsalimu. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi alipotaka kumkomboa Ruthu alikwenda langoni, akaketi, akawaita wazee kumi waketi naye. Sisi wa pwani tungesema alikwenda barazani, na neno letu lingetosha, maana baraza kwetu ni kiti cha mawe na ni kikao cha wazee pia. Bibi hakuwa amelipa tiketi yoyote, na mtu yule alikuwa amemnunulia chai.