Uzoefu wangu: lulu za aina tatu katika bangili moja ya kila siku

Bangili ninayoizungumzia ina lulu 23: kumi na nne za maji baridi (maji yasiyo na chumvi) za milimita 6.5, sita za Akoya (lulu za chaza wa baharini, maarufu kutoka Japani) za milimita 7, na tatu za Tahiti (lulu za rangi ya giza za chaza wa Polinesia ya Kifaransa) za milimita 9. Inamfaa mtu mwenye kifundo cha mkono cha sentimita 16. Naipenda kuliko bangili yoyote ya lulu za aina moja, ila mchanganyiko kama huu unadumu pale tu kila lulu inapopangiwa nafasi kwa kuangalia unene wa tabaka lake, yaani ile ngozi inayong'aa. Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo bangili inapoharibika mapema.

Lulu nyingi za maji baridi hazina kiini cha ushanga. Mkulima hupandikiza kipande kidogo cha nyama ya kome mwingine, hivyo kinachoota ni tabaka la lulu kuanzia juu hadi ndani. Hata ikigongwa au kusuguliwa, chini yake ni lulu ileile. Akoya hupandikizwa ushanga wa gamba, na tabaka linaloufunika mara nyingi halifiki milimita moja. Ndiyo inayong'aa vizuri kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kubanduka kwenye mdomo wa tundu. Tahiti nayo ina kiini, lakini tabaka lake ni nene zaidi na rangi yake ya kijivu, kijani au zambarau ni ya asili. Ukiona Akoya au lulu ya maji baridi nyeusi tititi, ujue imetiwa rangi au imepigwa mionzi. Zile kubwa nyeupe na za dhahabu za Bahari ya Kusini nimeziacha makusudi. Ni nzito mno kwa mkono unaofanya kazi.

Mpangilio wangu ni huu: lulu nne za maji baridi, kisha Akoya, Tahiti, Akoya, tatu za maji baridi, tena Akoya, Tahiti, Akoya, tatu nyingine, Akoya, Tahiti, Akoya, na nne za kumalizia. Upande wa kufuli zipo za maji baridi tupu, kwa sababu hapo ndipo bangili inaposuguana na meza na chuma cha kufuli. Akoya inakaa kati ya ndogo na kubwa, na jicho linapanda polepole kutoka 6.5 hadi 9. Tahiti zimetawanywa kwa sababu ya uzito: ukiziweka zote katikati, bangili inageuka na lulu zako ghali zinaishia chini ya mkono, zikisaga kila unachoegemea.

Kabla ya kununua, zipange juu ya kitambaa cha kijivu karibu na dirisha, mchana, mbali na taa za njano za dukani. Tazama taswira ya dirisha juu ya kila lulu. Kwenye Akoya nzuri kingo zake zinaonekana kali. Kwenye ya maji baridi zitalainika kidogo, na hilo si kosa. Kosa ni lulu ya maji baridi iliyofifia kama chaki kuwekwa ubavuni mwa Akoya, kwani itaonekana chafu siku zote. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie tundu. Kwenye Akoya utaona mstari mwembamba panapokutana tabaka na kiini. Mstari ukiwa karibu kabisa na uso, iache. Rangi iliyojikusanya kuzunguka tundu ni dalili ya lulu iliyotiwa rangi, na ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta ni lulu bandia.

Matundu ndiyo yanayosumbua zaidi kwenye mchanganyiko, na wauzaji wengi hawayataji. Lulu ya maji baridi mara nyingi hutobolewa tundu dogo, hata chini ya milimita 0.7, wakati Tahiti inaweza kufika milimita 1. Uzi unaopita kwenye ndogo unatoa fundo dogo, na fundo hilo linamezwa na tundu la Tahiti. Lulu zinaanza kugusana, bangili inalegea. Dawa ni kupanua matundu ya lulu za maji baridi hadi milimita 0.8 kwa tupa nyembamba ya almasi, lulu ikiwa ndani ya maji ili isipate joto na vumbi lake usilivute puani. Ingia kutoka pande zote mbili ili ukutanishe tundu katikati. Ukisukuma kutoka upande mmoja hadi utokeze, mdomo wa upande wa pili unapasuka.

Uzi wangu ni wa poliesta uliosokotwa, na fundo kila baada ya lulu. Hariri inapendeza na inafunga fundo safi, lakini jasho na maji huivuta. Uzi wa mpira siupendekezi hata kidogo: hauna mafundo, lulu zinasuguana, na siku ukikatika zote zinatawanyika. Shanga za chuma kati ya lulu nazo zinakwaruza. Ugumu wa lulu hauzidi 4.5 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho hupima ugumu kuanzia 1 hadi 10.

Kuhusu urefu, usipime kifundo peke yake. Lulu nene inakula nafasi ya ndani: kwenye kipimo cha kifundo ongeza kipenyo cha wastani cha lulu kilichozidishwa kwa 3.14, kisha nusu sentimita ya kupumua. Kwa wastani wa milimita 7 ni sentimita 16 + 2.2 + 0.5, yaani 18.7 pamoja na kufuli.

Matunzo ni mepesi. Ivae baada ya manukato na losheni, ivue kabla ya kushika limau, siki au dawa ya kufulia, kwa sababu asidi hula lulu. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo na uilaze, usiitundike. Ukiona uzi umejitokeza kati ya fundo na lulu, hasa karibu na kufuli, wakati wa kuitunga upya umefika.