Uzoefu wangu na kliniki ya macho baada ya upasuaji wa uvimbe wa tezi ya pituitari

Uvimbe wangu, ulioota kwenye tezi ya pituitari (tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo), ulikuwa umekua kuelekea juu hadi ukakandamiza makutano ya neva za macho, mahali zinapopishana nyuzi zinazoleta picha za pembeni, na kwa hiyo niliona vizuri mbele huku kulia na kushoto kukiwa na giza. Upasuaji ulifanyika kupitia puani kwa kamera nyembamba, nao ulikwenda salama. Ninachotaka kukieleza hapa ni huduma iliyofuata, ambayo wagonjwa wengi hatuisikii ikizungumzwa.

Katika kipimo cha upana wa kuona, jicho moja huzibwa, kidevu huegemezwa, nawe unakazia nukta iliyo katikati ya bakuli jeupe na kubonyeza kitufe kila unapoona kimwanga pembeni, hata kikiwa hafifu kiasi cha kukutia shaka. Kinachosha sana. Mtaalamu aliyenipima alisimamisha mashine kila jicho lilipoanza kutoa machozi, na uvumilivu huo una thamani kubwa, kwa kuwa majibu ya mtu aliyechoka hupotosha kipimo. Karatasi ya matokeo huonyesha kwa weusi sehemu zisizoona. Nilipoilinganisha na ile ya kabla ya upasuaji, weusi ulikuwa umerudi nyuma waziwazi, hasa upande wa jicho la kulia.

Daktari alinifafanulia kwamba sehemu ya uwezo wa kuona huweza kurudi ndani ya saa au siku chache baada ya mgandamizo kuondolewa, na nyingine hurejea polepole kwa wiki na miezi. Alipima pia unene wa nyuzi za neva nyuma ya jicho, akaniambia bila kunificha kwamba za jicho la kushoto zimekonda, hivyo matumaini yake ni madogo zaidi. Nilimshukuru kwa ukweli huo.

Kasoro ya hospitali hiyo ni uratibu. Wodi iliniruhusu nikiwa na miadi ya homoni na ya MRI (picha ya ndani ya kichwa), lakini ya macho ilibidi niiombe mwenyewe. Mgonjwa asiyejua kuomba anaweza kudhani kwamba alichokiona wiki ya kwanza ndicho kikomo chake. Ukihudumiwa hapo, dai tarehe ya kipimo kabla ya kutoka wodini, na usishike usukani hadi daktari wa macho akuruhusu.