Kukodi stoo ya muda mfupi Kampala: ipi kwanza, ipi mwisho

Mkataba wa nyumba unaisha Aprili, nyumba mpya itakuwa tayari Juni, na katikati una kitanda, friji, makochi na maboksi ya vyombo. Hali hii inawakuta wengi hapa mjini, kuanzia familia zinazohama hadi wanafunzi wa Kansanga wanaorudi Kenya au Tanzania likizo ndefu. Swali la kwanza la wengi ni bei ya mwezi. Mimi nasema anza na maji na mchwa, maana kwa miezi miwili tu, godoro moja likioza limekula akiba yote uliyoipata kwenye kodi. Na Aprili na Mei mvua haina huruma.

Nafasi ya kwanza naipa chumba chenye kufuli lako ndani ya ghala. Ufunguo unakaa nao wewe, getini kuna mlinzi, chini ni zege. Ni ghali kuliko njia nyingine, lakini hulipii nafasi usiyoitumia. Kabla ya kulipa, ingia ndani na uombe mlango ufungwe mchana kweupe. Ukiona vitobo vya mwanga kwenye mabati, mvua nayo itavipata. Kisha piga magoti uangalie ukuta unapokutana na sakafu: vinjia vyembamba vya udongo ni mchwa, na mstari wa rangi ya kahawia unaozunguka ukuta wote ni maji yaliyowahi kuingia. Ghala la bondeni karibu na mfereji wa Nakivubo likague mara mbili, eneo lile hufurika. Uliza pia kama bei imeshajumuisha VAT ya 18%, muda mdogo kabisa wa kukodi ni miezi mingapi, na kama Jumapili unaruhusiwa kuingia. Bima ya mali yako usidhani ipo, iwe imeandikwa.

Ya pili ni muzigo, chumba kimoja cha kupanga mtaani. Kwa wanafunzi watatu wanaochangia, unafuu wa bei huifanya iishinde hata ya kwanza. Shida yake ni kwamba chumba kisicholala mtu hujulikana upesi. Chagua kilicho ndani ya uzio, ambako mwenye nyumba anaishi palepale, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ajue vitu ni vya nani. Andikianeni hata kama kodi ni ndogo. Weka paleti au matofali chini, na acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mizigo na ukuta.

Ya tatu ni stoo ya kampuni ya kuhamisha mizigo. Wanafunga, wanabeba, wanaweka, na inawafaa wanaosafiri nje ya nchi. Ila ukisahau vyeti vya mtoto ndani ya boksi, kuvitoa ni kazi na pengine ni malipo mengine. Nyaraka zisiingie huko kabisa.

Kontena naliweka mwisho kwa vitu vya nyumbani. La futi 20 lina karibu mita 5.9 kwa 2.35 ndani, nafasi kubwa kwa nyumba ya vyumba viwili. Lakini chuma hupata joto kali mchana na kupoa usiku, unyevu unajikusanya darini na kudondokea vitambaa. Kwa mabomba, vigae au mbao za ujenzi ni zuri sana. Kwa makochi, hapana.

Ndugu akikupa chumba kikavu bure, kichukue kabla ya yote haya, ila mwambie tarehe ya kuondoa na uiheshimu.

Popote utakapoweka, friji iyeyushwe barafu siku moja kabla, ikaushwe kwa kitambaa, na mlango uachwe wazi kidogo kwa kipande cha kadibodi, la sivyo utakuta ukungu mweusi kwenye mpira. Mtungi wa gesi usiingie stoo. Piga picha kila boksi likiwa wazi, namba ikionekana, kabla lori halijaondoka.