Seti ya Nyumba ya Biskuti za Tangawizi: Kuta Imara, Maelekezo Yenye Haraka

Seti hii ya Krismasi, ambayo huja na vipande vya biskuti vilivyokwisha kuokwa vya kuunganisha na kupamba kuwa nyumba ndogo, imenifurahisha hasa kwa kuta zake. Kingo zimenyooka, pembe hukutana bila kuacha mwanya, na harufu ya mdalasini, karafuu na tangawizi husikika mara tu pakiti inapofunguliwa.

Aisingi, yaani mchanganyiko mtamu wa kugandishia vipande, huja ikiwa unga mkavu wa kuchanganya na maji, yenye sukari laini na ute wa yai uliokaushwa, jambo ninalolipongeza kwa dhati, kwa kuwa ute mbichi unaweza kuwa na bakteria wa salmonela na hakuna mtoto asiyelamba vidole. Hata hivyo, kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye boksi kimezidi. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka aisingi isimame kama ncha unapoinua kijiko. Ikichuruzika, haitashika kuta.

Maelekezo yanataka paa liwekwe baada ya dakika 15, muda ambao kwa maoni yangu hautoshi hata kidogo, kwani paa ndilo zito kuliko vipande vyote na husukuma kuta nje. Subiri angalau saa moja. Ni afadhali pia watoto wapambe kuta zikiwa bado zimelala mezani, kwa sababu peremende hazitateleza na mikono midogo haitaegemea nyumba iliyosimama.

Peremende zilizomo ni chache, na baadhi ni ngumu na za mviringo; ziondoe ikiwa kuna watoto wadogo, maana zinaweza kuwakaba.