ClinicalTrials.gov: nyota nne kutoka kwa mzazi

Mwenye mtoto wa Duchenne, ugonjwa adimu wa kurithi unaodhoofisha misuli, hakosi kutumiwa habari za dawa mpya. Mimi sizisomi kabla ya kufungua ClinicalTrials.gov, rejista ya majaribio ya tiba ambayo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani inaiendesha tangu mwaka 2000. Ni bure, na huhitaji kujisajili.

Huwa naenda moja kwa moja kwenye kipimo kikuu. Hapo watafiti hutaja watapima nini na baada ya muda gani. Matoleo ya zamani ya ukurasa hayafutwi, kwa hiyo wakibadilisha kipimo njiani, unawaona.

Chukua EMBARK, jaribio la tiba ya jeni kwa Duchenne. Wavulana 125 wa miaka 4 hadi 7 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa. Kipimo kikuu kilikuwa alama za uwezo wa kutembea, kuruka na kuinuka, jumla yake 34, baada ya wiki 52. Tofauti ya makundi mawili ikawa 0.65 tu, na kitakwimu haikutosha. Vipimo vya pili, kama muda wa kuinuka kutoka sakafuni, vilipendeza zaidi, na mwaka 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikapanua idhini ya tiba hiyo. Ukisimuliwa habari za sakafuni peke yake, unaweza kucheza ngoma. Ukijua hicho hakikuwa kipimo kikuu, una la kumuuliza daktari.

Sisemi tiba haifai. Kwa ugonjwa adimu, 125 ni umati! Eteplirsen, dawa nyingine ya Duchenne, ilipewa idhini mwaka 2016 kwa kuongeza kidogo distrofini, protini ya misuli wanayoikosa watoto hawa, na utafiti uliobishaniwa zaidi ulikuwa na wavulana 12.

Sasa lawama. Kiingereza chake ni cha wataalamu. Halafu jaribio kuwemo humo si idhini ya serikali, na rejista yenyewe inasema hivyo. Watu wanaouza tiba za seli shina wamewahi kujipenyeza humo wakiwatoza wagonjwa. Anayekudai pesa ili uingie kwenye jaribio, muulize mara mbili.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya matokeo. Majaribio mengi yanayobanwa na sheria ya Marekani yanatakiwa kuyaweka ndani ya mwaka mmoja baada ya kukamilisha kipimo kikuu, lakini wanaochelewa ni wengi, na wanaotozwa faini sijawasikia.