Miaka 15 badala ya 20: tathmini ya huduma ya malipo ya ziada kwenye mkopo wa nyumba

Huduma ninayoitathmini hapa haina mvuto wa macho. Ni ule utaratibu ambao mkopeshaji humruhusu mwenye mkopo wa nyumba kulipa zaidi ya rejesho lake la mwezi, na ziada hiyo ikapunguza deni la msingi, yaani kiasi kilichokopwa chenyewe bila riba. Mimi na mwenzangu tuliutumia tangu mwaka wa kwanza wa mkopo wetu, na deni ambalo mkataba ulilipangia miaka 20 tukalimaliza katika mwaka wa 15. Mkopeshaji simtaji, kwa sababu huduma ya namna hii hutolewa na wengi.

Nguvu yake inaonekana vizuri zaidi kwenye hesabu. Tuchukue mkopo wa 100,000 kwa fedha yoyote, wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa kila mwezi juu ya salio linalopungua. Rejesho la mwezi ni kama 1,101. Katika mwezi wa kwanza, 1,000 kati ya hizo humezwa na riba, na 101 tu ndizo zinazogusa deni lenyewe. Mkopaji asiyekosa hata mwezi mmoja akifika mwaka wa 10, yaani katikati kabisa ya safari, bado atakuwa anadaiwa takriban 76,700. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hiki ni kibaba chenye tundu. Sasa mkopaji huyohuyo akiongeza 100 kila mwezi tangu mwanzo, deni linaisha katika mwezi wa 180, na ziada ambayo jumla yake haifiki 18,000 inamwokolea riba inayozidi 48,000. Jambo la kuangalia ni wakati: ziada ya mwaka wa kwanza huzuia riba ya miaka yote inayofuata, ilhali kiasi hichohicho kikiletwa mwaka wa 18 kina kazi ndogo sana ya kufanya.

Kasoro ya kwanza tuliigundua kwa bahati. Kwa miezi kadhaa tulituma ziada tukiamini inapunguza deni la msingi, kumbe mfumo wa mkopeshaji ulikuwa ukiihesabu kama rejesho la mwezi unaofuata lililolipwa mapema. Salio halikushuka kama tulivyotarajia, na riba iliendelea kutozwa vilevile. Hakuna aliyetudanganya, fomu ilikuwa na kisanduku ambacho hatukukiona, na ofisa aliyetuhudumia hakuona haja ya kukitaja. Marekebisho yalihitaji barua mbili na subira. Tangu hapo kila malipo tuliyaambatanisha na maelezo ya maandishi kwamba ziada ni ya deni la msingi, kisha tukalinganisha taarifa ya mkopo na jedwali letu wenyewe lililoandikwa kwenye daftari la shule. Anayefikiria kujiunga aulize pia kama ziada itafupisha muda au itapunguza rejesho la mwezi. Sisi tulichagua kufupisha muda, kwa kuwa rejesho likipungua, tofauti ile huyeyuka ndani ya matumizi bila mtu kujua ilikokwenda.

Na matumizi ndiko tulikopata hiyo ziada, kwa kuwa mishahara yetu haikuwa na jambo la ajabu. Nilianza kwa ari ya kupindukia: nikashona mapazia, nikatengeneza sabuni, nikakata nywele za kila aliyekaa kitini. Mapazia yapo hadi leo. Sabuni ilikula fedha nyingi kuliko ya dukani, na kuhusu nywele, watoto wameomba nisiseme zaidi. Kilicholeta fedha ya kweli ni mambo machache yasiyo na mbwembwe: kupika nyumbani na kubeba chakula cha mchana kazini, kukaa na gari lilelile hadi mafundi wakalizoea, kukarabati samani badala ya kuzibadilisha, na kufuta malipo ya kila mwezi ya huduma ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia. Kilichotufaa kuliko vyote ni kuhamisha fedha siku ileile tuliyoiokoa. Fedha iliyosubiri mwisho wa mwezi haikufika.

Hapa huduma inastahili sifa. Haikuweka kiwango cha chini cha malipo ya ziada, hivyo hata kiasi kidogo kilichobaki baada ya wiki ya kujibana kilipokewa, na kumbukumbu yake ikaonekana kwenye taarifa ya mwezi. Riba ilipopunguzwa, na rejesho la lazima likashuka, tuliruhusiwa kuendelea kulipa kiasi cha zamani, na tofauti yote ikaenda kwenye deni. Kwa upande wa pili, fedha ikishaingia hairudi. Mwaka paa lilipovuja ndipo tulipoelewa uzito wa hilo, kwani tulikuwa tumemimina karibu kila kitu kwenye mkopo na akiba ya dharura ilikuwa jina tu. Tulilazimika kukopa kwa riba kubwa kuliko ile tuliyokuwa tukiikimbia. Baadaye tulisimamisha ziada hadi tukajiwekea akiba ya matumizi ya miezi minne, na ingefaa tungeanza na hiyo.

Wapo ambao huduma hii haiwafai. Mwenye deni la kadi au mkopo mwingine wa riba kubwa amalize huo kwanza. Mwenye mkopo ambao riba yake imekokotolewa juu ya kiasi cha awali kwa muda wote anaweza kulipa mapema asiokoe chochote, isipokuwa mkataba unampa punguzo. Kuna pia mikataba inayotoza adhabu ya kulipa kabla ya muda, wakati mwingine kwa miaka ya mwanzo tu. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kusaini, maana baada ya hapo kukisoma ni kujiumiza moyo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwa kile kisanduku cha fomu, na kwa mambo ya mwisho: salio liliposoma sifuri tulidhani tumemaliza, lakini kuondolewa kwa rehani kwenye hati ya nyumba kulihitaji ombi jingine, ada nyingine na wiki kadhaa za kufuatilia. Ombeni barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha siku hiyohiyo ya malipo ya mwisho, mkiwa bado mmesimama mbele ya dirisha.