NVDA Ikisoma Kiswahili: Sauti Ipo, Kisanduku Kimoja Kinaizuia

Karibuni tena, watazamaji. Leo ni NVDA, na nimeifurahia na kukasirika kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiondoke kabla hatujafika kwenye kisanduku.

Tangazo fupi la chaneli: kuanzia video hii, kila ninachobonyeza ninakitaja kwa jina. Kuna watazamaji wasioona skrini, na kuwaambia "bonyeza hapa" hakuwasaidii chochote.

Haya. NVDA mnaijua: kisomaskrini cha Windows, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, cha bure, kilichoanzishwa na Michael Curran wa Australia mwaka 2006. Kusakinisha sielezi, maana faili lenyewe huanza kuongea ukilifungua tu. Twende moja kwa moja kwenye Kiswahili.

Sikilizeni. Nimefungua ukurasa wa Kiswahili kitupu. Sentensi inasema: "Pole sana, mume wake hajafika." Nabonyeza mshale wa chini... Mmesikia? "Poul sana, mume weik." Pole imegeuka mti wa Kiingereza, wake imegeuka kuamka! Ngoja mstari unaofuata, "tone la maji"... "toun". Na namba zote zinatamkwa kwa Kiingereza. Msikilizaji anabaki kubahatisha, na huu ukurasa ni fomu ya maombi.

Sasa turekebishe. Shika Insert na Ctrl, bonyeza S. Kama kompyuta mpakato yako haina Insert, tumia Caps Lock, ila uikubali kwanza kwenye dirisha la makaribisho la NVDA. Inakuja orodha ya injini za sauti: chagua eSpeak NG, Enter. Kisha Insert, Ctrl na V. Hapa ni mipangilio ya usemaji. Nenda kwenye orodha ya sauti, bonyeza herufi S mpaka usikie Swahili, halafu Enter.

Wengi wanaishia hapo. Wanarudi kwenye ukurasa, "poul" iko palepale, wanatangaza kwamba NVDA haijui Kiswahili. Inakijua! Rudi Insert, Ctrl, V. Shuka kwa Tab mpaka kisanduku cha kubadili lugha kiotomatiki. Kina tiki. Bonyeza spesi, tiki iondoke, Enter. Sasa sikiliza tena... "Pole sana, mume wake hajafika." Hiyo ndiyo!

Kwa nini? Kila ukurasa wa wavuti una mahali pa kutaja lugha yake. Bonyeza Ctrl na U uone msimbo, juu kabisa utakuta html lang. Hapa imeandikwa "en". Aliyejenga tovuti alichukua kiolezo cha Kiingereza, akajaza Kiswahili, ile herufi mbili akaiacha. NVDA inaamini inachoambiwa: ukurasa ukisema mimi ni Kiingereza, inabadilisha sauti. Ingeandikwa "sw", tusingegusa kisanduku chochote. Na hili si pambo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unaliweka kwenye kigezo 3.1.1, daraja A, yaani daraja la chini kabisa la kutimiza. Wajenzi wa tovuti, ni herufi mbili tu!

Kuondoa tiki kuna gharama yake: ukikutana na aya ya Kiingereza, itasomwa kwa matamshi ya Kiswahili, haishikiki. Kwa hiyo usiiondoe moja kwa moja; kama umeshaiondoa, irudishe kwanza. Bonyeza Insert, Ctrl na P, tengeneza wasifu mpya, yaani seti ya mipangilio ya kando, uite Kiswahili, uwe wa kuwashwa kwa mkono. Ukishauwasha, ondoa tiki ukiwa humo. Ukiuzima, mambo yanarudi yalivyokuwa.

Kuhusu sauti yenyewe, nilitaka kusema eSpeak ni mbaya. Ni ya roboti, haina ubishi. Lakini pandisha kasi... sikieni, bado kila silabi inatoka, na haichelewi hata kidogo baada ya kubonyeza. Sauti nyororo nyingi zikikimbizwa hivi zinamumunya maneno. Basi nafuta neno mbaya. Kwa kazi ya kutwa nzima, ningechagua hii.

Mtauliza JAWS, kisomaskrini kingine cha Windows. Ni nzuri, ya miaka mingi, ila inauzwa kwa leseni, na mtu kulipia kompyuta halafu alipie tena haki ya kuisikia, hapo mimi sikubali. Narrator, kisomaskrini cha Microsoft, ipo ndani ya Windows tayari, Windows, Ctrl na Enter inawaka. Inafaa kukuvusha siku umekwama.

Kitu kingine kitamu: kamusi ya matamshi. Insert na N, mapendeleo, kamusi za usemaji, kamusi ya msingi, ongeza. Weka "n.k." na badala yake "na kadhalika", aina iwe popote. Lakini "Bw" kuwa "Bwana" weka neno zima. Ukiiacha popote, "bweni" litasomwa "bwanaeni", na utatafuta kosa siku nzima.

Ukimaliza, ingia menyu ya zana utengeneze nakala ya kubebeka kwenye flashi, mipangilio yako uende nayo kokote. Nakala hiyo haifanyi kazi kwenye skrini ya kuingia Windows wala pale Windows inapoomba ruhusa ya msimamizi, hapo inanyamaza kimya. Kwa kompyuta unayoitumia kila siku, sakinisha kabisa.

Video ijayo ni vifaa vya breli. Kwa leo, fungua tovuti moja ya Kiswahili unayoitumia sana, bonyeza Ctrl na U, tafuta lang, uniandikie kwenye maoni umekuta nini.